Dola za Kuugua

Minneapolis, Desemba 28, 2025

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na kicheko cha baraza zima nyuma yako nimekisikia pia. Ni kweli nina dola 412 ambazo nisipozitumia hadi Desemba 31 zinapotea. Mnauliza kwa nini nisizitume Tanga. Naeleza, na ukiwasomea wenzako usiruke mistari, nakujua.

Huku mwaka unapokaribia kwisha mwajiri anakuuliza mwakani utaumwa kiasi gani. Haulizwi mtu hivyo waziwazi, unaletewa fomu. Unataja kiasi, kwa mwaka 2025 mwisho ulikuwa dola 3,300, wanakukata kidogo kidogo kwenye mshahara kabla kodi haijaugusa. Pesa hizo ni za matibabu tu, na akaunti yake wenyewe wanaiita FSA. Kodi hulipi, hapo ndipo utamu ulipo. Lakini zikibaki, zinarudi kwa mwajiri. Basi mtu mzima na shahada zake anakaa mezani anapiga ramli: mwakani litakuwa goti au jicho? Mganga wa kwetu angalau ramli yake inamlipa.

Yangu mimi ilitoka kwa mtaalamu. Daktari wa meno alisema gego langu la chini lazima livikwe kofia, na kofia za huku bei yake inauma kuliko jino. Nikatenga. Nilipokwenda kwa daktari mwingine akaligonga, akalipiga picha, akasema gego zima, nirudi nyumbani. Sijawahi kupewa habari njema ikanikera vile.

Sheria inamruhusu mwajiri akuvushie kiasi kidogo mwaka unaofuata, au akuongezee muda hadi Machi 15. Kimojawapo, si vyote. Inamruhusu pia asikupe chochote, na wangu kachagua hilo. Ila tusimwonee, maana naye huliwa. Ukiahidi kukatwa dola 3,000 kwa mwaka, zote unaweza kuzitumia tangu siku ya kwanza. Tengeneza meno Januari, acha kazi Februari, hana pa kukudai. Aliyenisimulia hayo alikuwa anaaga kazi, na alicheka kwa meno mapya.

Basi jana nikaenda duka la dawa. Nje theluji hadi magotini, masikio siyasikii. Kadi ya akaunti hiyo ina akili kuliko mimi: mashine ya kaunta inachambua kitu kimoja kimoja. Dawa ya meno, imekataa. Mswaki, umekataliwa. Kondomu zimepita bila swali, na binti wa kaunta akainua macho kunitazama, kisha akayarudisha chini kwa adabu. Plasta zimepita, kipimajoto kimepita. Dawa za maumivu na za mafua zamani zilitaka cheti cha daktari, lakini tangu sheria ya korona ya 2020 zinapita zenyewe, na pedi pia. Mafuta ya kujikinga na jua yamepita, nikabeba chupa sita. Jua lenyewe tutaonana nalo Mei. Nyuma yangu mzee mmoja wa makamo, koti hadi kwenye vifundo, kakumbatia mafuta kama yangu na bandeji za kutosha kikosi cha zimamoto. Tulitazamana tukaelewana.

Sasa suala la Mama na miwani yake, maana najua ndilo mlilolishikia bango. Kadi inanunua miwani ya macho vizuri kabisa, lakini iwe yangu, ya mke, ya watoto, au ya mtu ninayemtunza. Mama namtunza mimi, hilo nani asiyelijua? Lakini kwa kuwa si raia wa huku, sheria inamtaka awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Angekuwa anakaa Tijuana ningelijenga hoja. Anakaa Pongwe.

Kwa hiyo miwani yake itatoka kwenye mshahara wa kawaida, ule uliokwishakatwa kodi, na nitatuma mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo mpeleke akapimwe upya, ile karatasi ya zamani isitumike. Na fundi wa Ngamiani asipewe kishika uchumba. Mara ya mwisho alikipokea akahama duka.

Mwanao wa Minneapolis