Barua ya Wazi kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji

Kisiwa cha Rukuba,
Musoma, Mara.

Mheshimiwa Kamishna Jenerali,

YAH: OMBI LA KUMFUKUZA SANGARA NCHINI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wavuvi wa Rukuba tunamripoti mhamiaji haramu. Aliingizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda miaka ya 1950, bila kibali cha ukaazi cha daraja lolote. Hana hata cheti cha darasa la saba. Alipofika akala wenyeji: aina zaidi ya 200 za furu zinakadiriwa kutoweka, ingawa uchafu wa ziwa nao ulimsaidia. Leo minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya, na hajaulizwa pasipoti.

Sasa chukua Mganda wa ng'ambo ile ile, aliyesomea udaktari wa falsafa pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa kumtafiti sangara huyo huyo. Huyu kafuata taratibu zote. Kachukua kibali cha ukaazi cha daraja C, kapata ruhusa ya utafiti ya COSTECH, kala ugali wetu wa udaga bila kununa. Akishavua joho, uanafunzi umekwisha: atafute mwajiri wa kuishawishi Serikali kwamba kazi hiyo haina Mtanzania wa kuifanya, au apande basi la Mutukula.

Akiipata kazi, ndipo utamu unapoanza. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 inatoa kibali cha miezi 24. Ilipotungwa, jumla haikuruhusiwa kuzidi miaka mitano. Baadaye ikaongezwa hadi minane. Sheria ya Uraia ya 1995 nayo inamtaka mwombaji wa uraia wa tajinisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo, na kabla ya hapo jumla ya miaka saba ndani ya kumi. Saba na mmoja, Mheshimiwa, ni minane. Ukihesabu tangu alipoajiriwa, siku anayostahili kuomba ndiyo siku kibali chake kinakata roho. Aliyepiga hesabu hii naye apewe udaktari.

Wakenya wana papara: tangu 2011 sheria yao inamruhusu aliyeshika vibali vya kazi miaka saba kuomba ukaazi wa kudumu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 2010, iliacha jambo hilo kila nchi ijiamulie. Nasi tukaamua kunyamaza. Ila kijana wetu akimaliza udaktari Ujerumani, akafanya kazi miaka miwili na kupewa ukaazi wa kudumu, hapa kisiwani tunachinja mbuzi.

Na msituambie haiwezekani. Warundi zaidi ya 162,000, wakimbizi waliokuja kwetu mwaka 1972 pamoja na wazao wao, walikubaliwa uraia, hati zikaanza kutolewa 2014, na nchi haikuzama.

Kwa hiyo tunaomba sangara akamatwe na kurudishwa Ziwa Albert alikotoka. Ikishindikana, daktari naye apewe masharti ya sangara: aingie, ale, azaliane, asiulizwe. Furu atakaowamaliza watakuwa wachache.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mvuvi wa dagaa, Rukuba.

Nakala: Sangara (kwa taarifa).