Risasi za Mfululizo Tunazinunua za Nini?

Wiki ya mwisho ya Ramadhani Mtaa wa Kongo, Kariakoo, haupitiki, hilo tumelizoea tangu utotoni. Wauza vitenge, wauza viatu, mawinga wanaokushika mkono kukupeleka kwenye fremu za ndani, wote wana haki yao, sikukuu ndiyo msimu wao. Lakini miaka hii umeingia mlio mwingine, trrrrrr, na ukigeuka unakuta kijana amesimama nyuma ya meza na bunduki ya plastiki, anafyatulia boksi tupu ili wazazi waione kasi yake. Mimi nasonya. Nasonya kwa sauti mpaka mwenye meza asikie, maana jambo hili linaniuma.

Nimeishika mkononi hiyo bunduki. Nyeusi tii, nyepesi, ubavuni ina tundu la chaja. Risasi zake ni punje za jeli: zinakuja kavu, ndogo kama mbegu za mchicha, unaziloweka kwenye maji saa kadhaa mpaka zinavimba zinafika milimita saba hivi. Sasa hapo ndipo biashara inapoanza. Bunduki ina bei yake. Ukitaka ifyatue bila kujaza kila mara, unauziwa ngoma ya risasi, nayo ina bei yake. Betri iliyokuja nayo haifiki jioni, kwa hiyo ipo ya akiba. Kuna darubini ya plastiki isiyokuza chochote. Kuna pakiti za jeli. Mama amekuja na hela ya viatu vya Iddi, anaondoka na ghala la silaha na mtoto yuko peku.

Haya, tupige hesabu. Maboksi mengine yanajisifia risasi kumi kwa sekunde. Ngoma ya risasi mia tano, kwa kasi hiyo, inakwisha kabla dakika moja haijatimia. Dakika moja! Mtoto amelia wiki nzima, baba amekata hela ya matumizi, na furaha yenyewe haijai hata dakika. Zile bastola za zamani za kuvuta, zinazotoa punje moja moja, angalau zilimfundisha mtoto kutulia, kufumba jicho moja na kulenga kopo. Hii ya sasa hailengi. Inamwaga.

Pale kijiweni kwetu, kona ya Mtaa wa Sikukuu, kuna mzee mmoja tunamheshimu sana, alipita JKT kwa mujibu wa sheria miaka ya themanini, kabla mpango haujasitishwa mwaka 1994. Aliposikia hesabu yangu akaweka chini kikombe cha kahawa. "Mwanangu, hata ile ya kweli ni hivyo hivyo. SMG ina magazini ya risasi thelathini. Ukiiachia mfululizo inakula kama mia sita kwa dakika. Thelathini zako zimeondoka kwa sekunde tatu, na baada ya zile za mwanzo mtutu umeshapanda juu, unapiga mawingu. Sisi tulifundishwa risasi moja, shabaha moja."

Kijana wa simu, yule anayebadilisha vioo pale jirani, akadakia kwamba huko Marekani watu wazima wananunua kabisa vifaa vya kumwaga risasi mfululizo kwa bunduki za kweli. Ni kweli, na mnaodhani ni hadithi nisikilizeni vizuri. Kuna kitako cha kuteleza kinachoitwa bump stock. Bunduki ya kawaida ya kiraia hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio. Ukiifunga kitako hicho, ule msukumo wa risasi unairudisha bunduki nyuma, mkono wa mbele unaisukuma tena mbele, na kidole kimetulia palepale, kifyatulio ndicho kinachokuja kukigonga kidole tena na tena. Kipande cha plastiki cha dola mia mbili au tatu, na bunduki inakaribia kasi ya bombomu.

Waliokinunua kwa mchezo walikuwa wanalalamika kilekile alichosema mzee: shabaha inapotea na risasi zinakwisha kama maji. Lakini tarehe 1 Oktoba 2017, mjini Las Vegas, mtu mmoja alikaa ghorofani hotelini na bunduki kadhaa zilizofungwa vitako hivyo, akaelekeza kwenye umati wa tamasha la muziki. Zaidi ya risasi elfu moja kwa kama dakika kumi. Hakuhitaji shabaha, aliokuwa anawapiga walikuwa maelfu kwenye uwanja mmoja. Usiku ule walikufa watu 58, na wawili wakafa baadaye kwa majeraha yaleyale. Serikali yao ikavipiga marufuku, amri ikaanza kazi Machi 2019. Kisha tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu yao ikaitengua kwa kura sita dhidi ya tatu, kwa hoja kwamba kifyatulio bado kinafanya kazi upya kwa kila risasi, kwa hiyo kisheria hiyo si bombomu. Nilisonya siku ile, na leo nasonya tena. Maiti sitini, na watu wanapima mwendo wa chuma kidogo ndani ya bunduki.

Mtu asiniambie hayo ni ya Wamarekani hayatuhusu. Nchi hii inazijua risasi za mfululizo kabla babu zetu hawajazaliwa. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani kule Mahenge. Walikuja kwa maelfu, wameamini maji yatawakinga. Ndani ya boma kulikuwa na bombomu mbili. Mbili tu! Watu walianguka kwa mamia siku ile, safu juu ya safu. Vita ilipokwisha mwaka 1907, njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba ikawa imeua wengine wengi zaidi. Wanahistoria wanakadiria vifo kuanzia elfu 75 hadi laki tatu. Halafu sisi wajukuu wa watu wale tunapanga foleni Kariakoo kumnunulia mtoto mlio uleule, tunauita zawadi.

Sheria zetu kwa silaha za kweli hazina mzaha. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bila leseni hushiki bunduki. Na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizosaini Itifaki ya Nairobi, Aprili 2004, ambayo inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za otomatiki wala za nusu otomatiki. Hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, na ndiyo maana hapa kijiweni hatuna haja ya kujadili ubora wa kitako cha kuteleza.

Kinachonikosesha usingizi ni hizi za plastiki zinavyofanana na zile. Cleveland, Marekani, Novemba 2014, mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa anachezea bastola ya bandia kwenye bustani. Alama ya rangi ya machungwa mdomoni mwa bastola haikuwepo. Polisi walifika, na ndani ya sekunde mbili mtoto alikuwa ameshapigwa risasi. Kwetu mtu akipiga kelele ya mwizi saa mbili usiku, Jangwani au Gerezani kule, wananchi wenye hasira kali hawakagui kama ulichoshika ni plastiki. Mnalijua hilo wote.

Na macho jamani. Punje ya jeli ikimpata mtoto jichoni kwa karibu, damu inaweza kuvilia ndani ya jicho na uoni ukapungua. Safari ya Muhimbili au CCBRT Msasani, vipimo, dawa, siku za kazi alizopoteza mama: nani anaijumlisha hiyo kwenye bei ya pale mezani?

Winga mmoja alituuliza, kwa adabu tu, "Sasa wazee wangu, mimi nile nini?" Swali la haki. Sina ugomvi naye. Mwenye kontena ana ofisi, ana namba ya mlipakodi, ana karatasi za forodha. Yeye winga hata meza si yake, na mgambo wakija ndiye wanayekimbizana naye. Kwa hiyo tuanzie bandarini, TRA na TBS wanapokagua mzigo. Hizi nyeusi zinazofanana na SMG, na ngoma zake, zizuiwe hukohuko. Zile bunduki za kurusha maji, za kijani na njano, na mipira na baiskeli ndogo zipite zifike Kongo mapema, kijana apate cha kuuza kabla mwezi haujaandama.