Abti, Jua Limerudi

Kwako Abti, mjomba wangu, na kwa wote mnaokunywa chai kibandani hapo Bulla Iftin, Garissa, na kumwandikisha yeye deni,

Jueni kwamba leo, tarehe 21 Januari, mji mzima wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, umepanga foleni kununua maandazi. Si Idi, si harusi, wala hakuna aliyekufa. Wanasherehekea jua. Lilizama mwishoni mwa Novemba likagoma huko huko chini, na leo limechungulia juu ya mlima kwa dakika chache, kama mdeni anayeangalia iwapo mwenye duka yupo, kisha likajificha tena. Watoto wametolewa madarasani waje walipungie mikono. Maandazi yenyewe ni ya mviringo, jemu ndani, sukari juu, na bei ya moja ingenunua sinia zima hapo kibandani. Nami nilisimama foleni. Mtu wa Garissa, aliyekua akivuka barabara mbio ili afike kwenye kivuli cha mwarobaini, natoa pesa kulikaribisha jua. Tafadhali Ayeeyo, bibi yangu, asisomewe sehemu hii.

Muelewe kwanza giza lenyewe. Soko Mugdi, yaani soko la giza, usiku lina mwanga kuliko hapa saa sita mchana. Abti ukinipigia na kuniuliza kumekucha, hilo si swali la kujibu haraka. Kiangazi nako ni kinyume: kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba jua halizami kabisa. Ramadhani ilipoangukia majira hayo miaka ile, msikiti wa hapa ulifuata saa za Makka, na waliotutangulia wanasimulia walivyofuturu huku jua likiwatazama sahani.

Desemba nilikwenda kwa daktari nikamweleza kwamba silali, na nikilala siamki. Hakunipa dawa. Aliniambia ninunue taa. Taa hiyo ni bamba jeupe la plastiki lenye mwanga wa laksi 10,000. Unaliweka mezani karibu na uso, unakaa mbele yake nusu saa kila asubuhi, macho wazi lakini usiyakodoe. Nikamwambia: daktari, mimi natoka mahali ambapo serikali ilitandaza paneli za jua za megawati 50 na ushei, mtambo ukazinduliwa 2019, ukaanza kula jua mchana kutwa, na bado likabaki la kukausha shati kabla hujalianika la pili. Akaandika kitu kwenye kompyuta. Nadhani aliandika kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka.

Basi nikanunua. Jua la dukani lina waya, lina kitabu cha maelezo kwa lugha sita, na lina waranti. Asubuhi ya kwanza nililiwasha, nikakaa na chai yangu, na mara nikagundua mwili umeshasogeza kiti pembeni kutafuta kivuli. Sasa nimezoea. Ziko asubuhi nikifumba macho mbele yake (ambayo ni marufuku) nasikia mkokoteni wa punda ukipita na mitungi ya maji, na mwenye punda akimtukana yeye pamoja na ukoo wake. Halafu saa ya taa inalia, nusu saa imekwisha, jua linajizima.

Tuje kwenye kazi, maana nasikia Abti umewaambia watu wa kibandani kuwa mimi ni mhandisi wa anga. Kazi yangu ni kuvalisha watalii. Kila usiku wa baridi mabasi huondoka hapa na watu kutoka Singapuri, Brazili na Uhispania waliokuja kuona taa za kaskazini, zile rangi za kijani zinazocheza mbinguni. Kila mmoja ana orodha kwenye simu ya mambo ya kufanya kabla hajafa. Kwetu mtu akianza kuorodhesha kabla ya kufa, anaorodhesha anaodaiana nao. Hawa wameandika: nione taa, nivutwe na mbwa juu ya theluji, niogelee kwenye maji ya barafu. Wakimaliza wanaweka alama ya vema, wanaenda nchi nyingine.

Basi huendeshwa popote penye uwazi, na mawingu yakizidi hufika hadi mpakani mwa Finilandi. Mjomba, fikiria hilo. Sisi tukiona wingu tunalifuata, ng'ombe nyuma, mzee mbele, siku kadhaa kwa miguu, tukiomba lisitawanyike. Hawa wanalikimbia wingu, na wamelipia.

Lakini kabla ya kukimbia, lazima wavae. Vazi ni ovaroli moja nene kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, na juu yake viatu ambavyo kimoja kinatosha familia. Mtalii akishafungwa zipu hawezi kukunja mkono, hawezi kuinama, anageuka mwili mzima ukimwita jina. Nawafunga mmoja mmoja, basi zima. Na nikishamfunga wa mwisho, wa kwanza anakumbuka haja. Hapo ni porini, giza, nyuzi 18 chini ya sifuri, na choo ni nyuma ya mti. Naanza kufungua. Abti, nimewahi kumkamua ngamia asiyetaka, na bado nasema hilo lilikuwa jepesi.

Na taa zenyewe? Usiku mwingi jicho linaona utandu wa kijivu ambao ningeapa ni moshi wa mkaa. Simu ndiyo inayoona kijani. Basi watu arobaini wanasimama chini ya mbingu wakitazama skrini, wanashangilia. Mwongozaji anaeleza kwamba chembe zinatoka juani, zinagonga oksijeni kilomita 100 hivi juu yetu, oksijeni inawaka kijani. Nikamwomba arudie. Zinatoka wapi? Juani. Yaani nimelitoroka jua la Garissa hadi mwisho wa dunia, na mshahara ninaolipwa ni wa kuonyesha watu cheche zake.

Sitadanganya, kuna usiku mmoja zilishuka kweli. Kijani, zambarau, mbingu yote ikakunjwa na kukunjuliwa, na watu wakalia. Mimi nikasema subhanallah, nikasahau kugawa kakao hadi ikapoa. Ile picha niliyokutumia ilikuwa ya usiku huo. Wewe ulijibu kwa neno moja: "Transfoma?"

Basi usiku huohuo mama mmoja mstaafu kutoka Uholanzi akanionyesha orodha yake. Kupanda ngamia, Dubai: vema. Kumlisha twiga kwa mkono, Lang'ata, Nairobi: vema. Kulala nje chini ya nyota, jangwa la Moroko: vema, na bei aliyolipa sitaitaja, maana Abti utatandika mikeka uani kesho na kuandika HOTELI. Nikamwambia hayo yote niliyafanya kabla sijamaliza juzuu ya kwanza. Ngamia nilimpanda kwa sababu miguu ilichoka, na nje tulilala kwa sababu ndani hapakukalika kwa joto. Akaniheshimu sana. Kwa muda wa dakika tano nilikuwa mtu mkubwa Tromsø.

Kisha akauliza: na hirola? Ndiye aliyebaki kwenye orodha yake. Nikatikisa kichwa taratibu, kama mzee anayeombwa maoni juu ya mirathi, nikazungumzia hali ya hewa. Usiku nikasoma. Swala huyo yuko kwetu, mpakani na Somalia, na waliobaki duniani kote hawafiki 500. Ana mistari myeupe machoni, utadhani amevaa miwani. Wenyeji wa Ishaqbini, upande wa Masalani, walimtengea hifadhi, na mwaka 2012 wakawekwa 48 ndani ya ua wasiliwe na simba na chui. Sijawahi kumwona. Hata twiga wa Bour-Algy, hapo nje ya mji, nimewaona dirishani mwa matatu tu, nikiwa na haraka ya kwenda wapi sijui.

Asubuhi nikamwambia: karibu, Abti wangu atakupokea. Akanionyesha ramani ya serikali yao: kaunti yetu imepakwa rangi ya hatari, na bima haimlipii mtu anayeingia huko. Nikafungua mdomo nibishe, nikakumbuka shambulio la chuo kikuu, Aprili 2015, nikaufunga. Kisha nikaufungua tena, kwa sababu ndani ya rangi hiyo kuna kibanda chenu, na Hooyo, mama yangu, anamwaga anjera kila alfajiri.

Hooyo, kuhusu nyirinyiri: usitume. Nyama kutoka kwetu haivuki mpaka hapa, hata ukiifunga kwenye khanga saba na kuisomea dua.

Abti, nina ombi. Chukua pikipiki ya nani hiyo, uende Ishaqbini, ukampige picha hirola, uso mzima, miwani ionekane. Angalia kivuli chako kisiingie, wala kile kitambi. Yule mama nimeshamwahidi picha niliyopiga mwenyewe.