Karanga Kidogo Tu

Wenzangu wakienda kula nje na watoto, huuliza bei. Mimi huingia kama trafiki, nakagua. Nakagua sufuria, nakagua karai, nakagua mpaka mkono wa anayepakua. Mama watoto amezoea. Yeye hutafuta meza ya pembeni, akae ajifanye hatufahamiani hadi sahani zifike.

Si kupenda kwangu. Binti yangu wa kwanza akila karanga, hata punje moja, midomo inavimba kama ameumwa na nyuki na mapele yanamjaa shingoni. Siku moja pumzi ilianza kumbana, tukakimbizana na bodaboda usiku wa manane na kandambili zangu zikabaki barabarani. Mdogo wake ni wa maziwa. Huyu havimbi. Tumbo ndilo hujaa upepo na kunguruma kama lori la mchele linalopanda Mlima Sekenke, halafu ole wenu kama choo kiko mbali. Daktari alinieleza kuwa huo si mzio: utumbo wake hautengenezi vya kutosha kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na dunia imejaa watu wa namna hiyo. Nilifarijika, ingawa dunia nzima haipandi basi na mimi.

Sasa jaliwa watoto hao wawili, halafu ukae Singida. Huku karanga hazihesabiwi kuwa kiungo, ni adabu. Ukimpikia mgeni mlenda usio na karanga atakuuliza kwa upole kama mambo yenu ni mazuri. Mchicha una karanga, kisamvu kina karanga. Uji wa lishe, ambao kila mtu anakusifia kwa afya ya mtoto, mara nyingi umesagwa na karanga humo humo, na rangi yake haisemi kitu. Maziwa nayo usiseme. Ukikataa kikombe kwa mfugaji, umelitukana zizi zima.

Ninachoshukuru ni alizeti. Huku tunakaangia mafuta ya alizeti, kwa hiyo kuku wa kienyeji, yule ambaye abiria wa mabasi humgombania dirishani, binti anamla bila wasiwasi. Ndiyo maana kila tukitoka naagiza kuku, na majirani wameanza kuniita bosi. Sina hela jamani, nina aleji.

Kero yangu kubwa ni neno moja. Muulize dada wa hotelini:

"Dada, mboga hii ina karanga?"

"Hapana, kaka."

"Haina kabisa?"

"Aa, kidogo tu."

Kidogo tu! Hakudanganyi. Kwa hesabu zake, karanga kidogo ni sawa na hakuna, na tena ameziweka kwa huruma, mtoto apate ladha. Nasikia Uingereza sheria inamtaka mwenye mgahawa awe na jibu la uhakika kuhusu vitu 14 vinavyoleta mzio, karanga na maziwa vikiwemo. Hapa kwetu orodha ya vyakula imo kichwani mwa dada, na dada ameanza kazi juzi.

Nyumbani nako sina mtetezi. Mama mkwe anasema wao waliwalisha watoto karanga kabla hawajaota meno na hakuna aliyevimba. Kinachoniuma ni kwamba ana hoja. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Walioanzishiwa vyakula vya karanga mapema, kabla ya kutimiza mwaka, walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walioepushwa nazo. Nikafanya kosa la kumsomea. Tangu siku hiyo ananitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia, mama, hiyo ni kwa mtoto ambaye mzio haujamshika, wa kwetu basi limeshaondoka stendi. Akatafakari, akasema, "Basi mpe kidogo tu."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliingia kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi. Sufuria tatu zilikuwa jikoni: maharage, kuku wa mchuzi, na mchicha uliokolea karanga. Nikamwona kwa macho yangu akiuinua mwiko kutoka kwenye mchicha, akaugonga mara mbili ukingoni, ko, ko, kisha akauzamisha kwenye maharage. Ile ko, ko ndiyo osha yake.

Nikaona nikianza tena habari za aleji nitaambiwa mtoto anadekezwa. Nikakumbuka kwamba hata neno la daktari, mzio, wazee walikuwa wakilitumia kwa chakula ambacho mtu amekatazwa. Nikasogea, nikashusha sauti.

"Mama, shikamoo. Huyu binti karanga kwake ni mwiko."

"Marahaba, baba. Mwiko?"

"Mwiko wa ukoo. Hatuzigusi."

Uso wake ukabadilika. "Nyie ni wa wapi?"

"Kiomboi," nikasema, na hilo ni kweli.

"Mbona na mimi ni wa huko huko? Ukoo gani hauli karanga?"

Jasho likanitoka. "Ni upande wa mama yao."

Mama watoto, kule pembeni, akanitupia jicho ambalo hesabu yake bado tunalipana.

Lakini ungeona kazi iliyofuata! Mama yule aliita binti yake wa jikoni, akamwagiza sufuria safi na mwiko mwingine, mpya, uliokuwa umening'inia ukutani na vumbi lake. Ukaoshwa kwa sabuni, ukasuuzwa mara mbili. Maharage yakapikwa upya. Jamaa wa meza ya jirani, aliyekuwa anatafuna karanga za kukaanga, akazifunga kwenye gazeti, akazitia mfukoni, akahamia mlangoni. Mzee mmoja akanihadithia kwa dakika kumi habari za mtu aliyevunja mwiko wa kwao akaota vidonda mwaka mzima. Miaka sita nimekuwa nikizunguka na cheti cha daktari mfukoni, hakuna aliyewahi kunioshea hata kijiko. Leo mababu wa mke wangu, ambao hawana habari, wamenipatia jiko zima.

Binti akala, akalamba vidole, shingo safi. Nikaanza kujiona mtu mwenye akili.

Mama ntilie akaja na birika la chai, akamtazama kijana wangu.

"Na huyu naye?"

"Huyu karanga anakula, mama. Yeye ni maziwa."

"Nayo ni mwiko?"

Uongo ulikuwa umeniishia, na mama watoto alikuwa ananisikiliza. "Hapana, mama. Huyu ni tumbo tu."

Akacheka kwa nafuu, mabega yakamshuka, akainamisha birika.

"Ningoje basi nimwekee kidogo tu."