Misingi ya Ahirisholojia: Somo la Roketi Zisizoondoka Leo

Mwanafunzi wangu, kaa vizuri, zima simu, shika kalamu. Wengi waliokutangulia katika somo hili walikuja wakidhani watafundishwa jinsi roketi inavyopaa. Hilo ni jambo la dakika nane au tisa, na hakuna chuo kinachojiheshimu kitakachotoa kiti cha uprofesa kwa jambo la dakika tisa. Kutopaa, kwa upande wake, huchukua siku, huchukua miezi, na kwa wale waliobobea huchukua miaka 16. Mwenye akili timamu ataona mwenyewe lipi kati ya mambo haya mawili ndilo asili ya roketi, na lipi ni tukio la kupita tu.

Taaluma inayochunguza kutopaa kwa kile kilichotarajiwa kupaa inaitwa ahirisholojia. Fasili zake ni mbili, na zote utaziandika kwa wino.

Fasili ya 1. Ahirisho ni hali ya roketi iliyo tayari kuondoka, mbele ya watu walio tayari kuiona ikiondoka, kuendelea kuwepo. Masharti yote matatu ni ya lazima. Roketi iliyomo kiwandani haijaahirishwa, imekaa tu. Roketi iliyosimama jukwaani pasipo mtazamaji ni mnara.

Fasili ya 2. Kiahirishi ni kile kinachozuia. Kiahirishwa ni roketi yenyewe. Mwahirishwa ni binadamu aliyefungwa mikanda ndani yake. Anayechanganya kiahirishwa na mwahirishwa hatafaulu kwangu, hata akilia.

Kabla ya kuingia katika aina, wanafunzi wanaotoka Katanga wana haki ya kujidai kidogo, maana roketi za kampuni binafsi zina sehemu ya mizizi yake kwao. Kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyoasisiwa na Lutz Kayser mwaka 1975, ilikodishiwa na Rais Mobutu wa Zaire eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, jina la Katanga wakati huo, na jukwaa lake likajengwa juu ya uwanda unaotazama mto Luvua. Roketi yenyewe ilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na vali za mafuta zilifunguliwa na mota za aina ileile inayozungusha waipa za gari. Jaribio la Mei 1977 lilikwenda vizuri. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu alikuja kutazama kwa macho yake. Roketi ikapaa, ikapotoka njia, ikaanguka.

Tulia hapa, mwanafunzi. Mtu wa kawaida ataona katika kisa hiki kushindwa kwa uhandisi. Mwanaahirisholojia anaona kosa zito zaidi: siku iliyohitaji ahirisho kuliko siku zote, siku ambayo mkuu wa nchi amekaa kitini anatazama juu, hakuna aliyeahirisha. Mwaka uliofuata kampuni iliondoshwa nchini, ikahamia Libya. Wanahistoria wanataja shinikizo la mataifa makubwa. Mimi nataja uhaba wa wingu.

Sasa tuingie katika uainishaji.

Aina ya Kwanza: Ahirishoanga. Kiahirishi ni hali ya hewa. Walei hudhani roketi inaogopa mvua, na dhana hiyo inaudhi. Roketi inajiogopa yenyewe, kwa sababu mwili wake mrefu na mkia wake wa moto vinaweza kuita radi ambayo wingu peke yake lisingeitoa. Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili mwaka 1969 ikiwa njiani, na Machi 1987 roketi ya Atlas-Centaur ikapotea kabisa kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana leo mawingu ya Florida yana kanuni zake za kisheria, kila aina ya wingu na umbali wake, na wapo maafisa ambao kazi yao nzima ni kutoliamini wingu lolote.

Mfano bora kabisa ni wa tarehe 27 Mei 2020. Wanaanga Doug Hurley na Bob Behnken walikuwa wamefungwa mikanda ndani ya Dragon ya SpaceX, safari ya kwanza ya watu katika chombo cha kampuni binafsi kwenda kituo cha anga za juu. Zikiwa zimebaki dakika zisizofika 17, hesabu ikakatwa. Mtu wa mtaani atauliza kwa nini wasingesubiri wingu lipite. Hawawezi. Njia ya kituo hupita juu ya jukwaa, dunia huzunguka, na nafasi hiyo ni ya papo hapo: usipoondoka katika sekunde ile, umekosa. Kesho yake nafasi hurudi mapema zaidi, kwa dakika 20 na kitu. Basi waahirishwa wale wawili wakabaki chali mpaka mafuta yote yaliyokuwa yamejazwa chini yao yakatolewa, ndipo mlango ukafunguliwa wakashuka kama watu waliokwenda kumuona daktari wa meno. Waliondoka tarehe 30. Katika mizania ya taaluma yetu, tarehe 27 inabaki kuwa siku kubwa zaidi.

Wakenya walionja ahirishoanga Aprili 2023, pale setilaiti yao ya Taifa-1 ilipokuwa juu ya roketi ya Falcon 9 ya SpaceX huko Vandenberg, California, na hali mbaya ya hewa ikawarudisha nyuma. Watu waliamka, wakatazama, wakalala tena. Iliondoka Jumamosi ya tarehe 15, saa 3:48 asubuhi kwa saa za Nairobi. Kuna utanzu mdogo wa ahirishojua, ambamo kiahirishi kiko umbali wa kilomita milioni 150: Novemba 2025 New Glenn ya Blue Origin ilizuiwa kwanza na mawingu, halafu na dhoruba ya jua, ikaondoka tarehe 13. Adabu inatutaka tuliweke jua katika daraja moja na wingu, ingawa binafsi naona jua limeonewa.

Aina ya Pili: Ahirishobahari. Hapa ndipo taaluma inapofikia kilele chake, nami naomba usipige miayo. Roketi hurushwa kuelekea baharini ili vipande vikianguka visimwangukie mtu. Kwa hiyo bahari hutangazwa eneo la hatari, mabaharia huarifiwa, na baadaye hutokea nahodha mmoja ambaye hakusikia.

Utanzu (a), chombo kidogo. Tarehe 27 Oktoba 2014, katika kisiwa cha Wallops, Virginia, roketi ya Antares ya kampuni ya Orbital Sciences ilizuiwa na mashua moja ya tanga. Mashua ikaondoka. Kesho yake, bahari ikiwa safi, roketi iliondoka kwa wakati na ikalipuka sekunde chache baada ya kuinuka. Fikiri, mwanafunzi. Hakuna aliyemshukuru nahodha yule. Aliipa roketi ile saa 24 za ziada za kuwepo duniani, wakati jopo zima la wahandisi halikuweza kuipa hata dakika moja angani.

Utanzu (b), chombo kikubwa. Tarehe 30 Januari 2022 Falcon 9 iliyobeba setilaiti ya Italia ilizuiwa Florida na Harmony of the Seas, meli ya kitalii yenye maelfu ya abiria. Je, ahirisho hili ni kubwa kuliko lile la mashua? Shule ya Tani husema ndiyo, maana uzito wa kiahirishi ndio uzito wa ahirisho. Mimi nasimama na Shule ya Usawa: roketi iliyosimama haisimami zaidi kwa kuwa kilichoizuia kina bwawa la kuogelea.

Utanzu (c), chombo chenye uzazi. Huu ni nadra, na nilipousoma mara ya kwanza nilivua kofia. Falcon 9 ya Februari 28, 2016 ilisimamishwa kwa sababu ya chombo kilichoingia eneo la hatari. Oksijeni ya kimiminika ya roketi hii hupoozwa hadi karibu nyuzi 207 chini ya sifuri ili ijae zaidi tangini, na haipendi kungojeshwa. Wakati chombo kinaondolewa, oksijeni ikaanza kupata joto. Hesabu iliporejea, injini zikawaka, kompyuta ikaona nguvu haitoshi, ikazizima. Kwa maneno mengine, ahirishobahari lilizaa ahirisho la aina ya tatu palepale jukwaani, mbele ya mashahidi. Roketi iliondoka tarehe 4 Machi, na uzao huo haujatafitiwa ipasavyo mpaka leo.

Aina ya Tatu: Ahirishovali. Nitaipita haraka, maana ndiyo ya kawaida mno na haina fahari. Tarehe 17 Aprili 2023 Starship ya SpaceX, roketi ya mita 120 yenye injini 33 katika hatua yake ya kwanza, ilisimamishwa na vali moja iliyoganda. Januari 2025 New Glenn ikazuiwa na barafu bombani. Machi 2020 kampuni ya Astra, huko Alaska, ikiwa katika siku ya mwisho ya shindano la dola milioni 12, ilikatiza hesabu ikiwa imebaki chini ya dakika moja kwa sababu ya data isiyoridhisha, na zawadi ikaenda zake.

Astra hiyohiyo ndiyo iliyotuletea tatizo la mpaka linalowanyima usingizi wanaahirisholojia. Tarehe 28 Agosti 2021 roketi yake ilipoteza injini moja kati ya tano mara tu ilipoinuka. Haikupaa, haikuanguka. Ilitambaa hewani kwa upande, wima kabisa, ikatoka katika eneo la jukwaa kama mgeni anayeondoka harusini bila kuaga, kisha mafuta yalipopungua ikapata wepesi na kwenda juu hadi ilipozimwa. Iliondoka, lakini si kwenda juu. Ilikwenda juu, lakini si kwa kuondoka. Nimeiita nusuondoko, na nasubiri pingamizi kwa maandishi.

Aina ya Nne: Ahirishondege. Mfano wake ni wa serikali, ila ukoo ni mmoja. Mwaka 1995 vigong'ota walitoboa mashimo katika sponji inayofunika tangi la mafuta la chombo Discovery, na safari ikasogezwa kutoka Juni 8 hadi Julai 13. NASA ikajibu kwa kuweka bundi wa plastiki. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa wa nyumba ile. Kule alipewa kazi ya ulinzi.

Aina ya Tano: Ahirishokauli. Hapa hakuna wingu, mashua wala vali. Kiahirishi ni ahadi yenyewe. Richard Branson aliitangaza kampuni yake ya Virgin Galactic mwaka 2004 akitaja abiria kufikia 2007. Safari ya kwanza ya kibiashara ilifanyika Juni 2023. Tajiri wa Kijapani Yusaku Maezawa alitangaza mwaka 2018 kwamba atazunguka mwezi pamoja na wasanii mwaka 2023, na Juni 2024 akafuta safari. Elon Musk wa SpaceX alisimama Adelaide Septemba 2017 akataja mizigo kutua Mirihi 2022 na watu kufuata 2024.

Kuhusu Mirihi, mwanafunzi, andika kwa herufi kubwa. Sayari hiyo na yetu hupangika vizuri kwa safari kila baada ya miezi 26. Mashua moja ikiingia eneo la hatari katika juma la mwisho la nafasi hiyo, watu watangoja miaka miwili na ushei. Ndio mustakabali wa teknolojia ya anga za juu: kiahirishi kilekile, ahirisho refu mara mia kadhaa. Vyuo vya leo vinafundisha injini, na hakuna hata kimoja kinachoandaa manahodha.

Onyo la mwisho la kitaaluma. Mlipuko si ahirisho. Starship ilipoondoka Aprili 20, 2023, ikavunja zege la jukwaa lake na kusambaratika baada ya dakika nne hivi, wahandisi waliita hali hiyo kutenguka kwa haraka kusikopangwa. Jina ni zuri, lakini linavunja Fasili ya 1, kwa kuwa roketi haikuendelea kuwepo.

Zoezi. Jibu yote.

1. Mashua ya tanga na wingu la radi vimeingia eneo la hatari katika dakika moja. Onyesha ni kipi kitakachoandikwa katika taarifa kwa vyombo vya habari, na kwa nini nahodha angependa liwe wingu. (Alama 25)

2. Tetea au pinga Shule ya Tani bila kutaja bwawa la kuogelea. (Alama 35)

3. Bundi wa plastiki ana sifa zipi za kitaaluma ambazo bundi hai hana? Usichore. (Alama 40)