Karamu ya Kuagana na Mickey

Kuna watu wazima, wenye akili timamu, wasiokumbuka hata tarehe ya ndoa yao, lakini hudamka alfajiri siku 60 kabla, kugombania meza ya chakula huko Walt Disney World, Florida. Eti mlo wa usiku wa mwisho lazima watoto waukumbuke mpaka uzeeni.

Baba anataka California Grill, ghorofa ya 15 ya hoteli ya Contemporary, atafune huku fataki za Magic Kingdom zikilipuka dirishani. Mama kang'ang'ania kasri la Cinderella, ambako mwenyewe hupiga picha na wageni. Ndugu zetu walioko Marekani nao wana lao: mkahawa wa Sanaa, pale Animal Kingdom Lodge, wakatazame twiga wakila majani nje ya dirisha. Dola zinawatoka bila kinyongo. Hifadhi ya Mikumi kule Tanzania, ambako twiga huvuka barabara kuu bila kudai bakshishi, walipita ndani ya basi wakikoroma.

Usiku wenyewe ukifika, mdogo kalala, shavu juu ya mkate. Mkubwa anauliza kama kuna chipsi. Mama anatazama fataki kupitia kioo cha simu, na baba anaipekua bili kama hakimu anayesoma jalada la mauaji.

Wazazi, acheni kuwasingizia watoto. Wao walishashiba bisi tangu mchana. Karamu ile ni yenu. Kuleni kwa amani, na mlipe kimya kimya.