Mtalii wa Miezi Sita

Kwa familia ya Ayivu, jijini Arua, uchaguzi wa mahali pa likizo pamoja na mtoto mchanga hupitia hatua tatu. Kwanza hutajwa Entebbe, penye fukwe za Ziwa Victoria. Baba hukumbusha kwamba kufika Kampala tu ni karibu kilomita 500, na mtoto huanza kulia basi likiwa bado stendi. Pili hutajwa Hifadhi ya Murchison Falls, iliyoanzishwa 1952, ng'ambo ya daraja la Pakwach. Huko kuna tembo, twiga na viboko. Kuna pia mbung'o, na mtalii wa miezi 6 hatofautishi tembo na shangazi. Tatu, bibi mzaa baba hupiga simu kutoka kijijini kuuliza mjukuu ataletwa lini. Mjadala hufungwa.

Safari ni ya bodaboda mbili: moja ya watu, nyingine ya chandarua, beseni na nepi. Mtoto hupokelewa kama waziri. Wazazi hukabidhiwa majembe. Malipo ni sukari na sabuni. Ushauri wa malezi hutolewa bure, usiku na mchana, hata usipoombwa.